Kutoka Ruvu hadi Raskazone

Basi la Moshi kwenda Tanga lilipopita Kifaru nilifungua simu nikatafuta shairi. Nilipanga hivyo makusudi. Kabla ya kufika Mwanga barabara inavuka Mto Ruvu, mto unaotoka Ziwa Jipe ukaenda kumwaga maji yake kwenye Bwawa la Nyumba ya Mungu. Huu si ule Ruvu wa Mkoa wa Pwani unaowanywesha watu wa Dar es Salaam. Huu ni wa Kilimanjaro, na Mei 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, jeshi la Waingereza lilianza hapa safari ya kuteremka na Mto Pangani, likiwafukuza Wajerumani.

Katika jeshi hilo alikuwamo daktari Mwingereza, Francis Brett Young. Kazi yake ilikuwa kutibu majeruhi na wagonjwa wa kikosi cha Rhodesia, na usiku akiandika. Mwaka 1917 alitoa kitabu cha mashairi kiitwacho *Five Degrees South*, yaani nyuzi tano kusini mwa Ikweta, ambazo ndizo za Tanga hasa. Humo kuna shairi la mistari 14 lililonitoa Moshi kwa basi badala ya kurudi Dar moja kwa moja na wenzangu tuliokwenda nao harusini.

Shairi lenyewe ni hivi. Mtu amepanda mnyama, anapita kwenye kinamasi cha Ruvu jua linapochomoza. Nyasi ndefu zinapata mwanga, na ghafla hewa yote imejaa kereng'ende: mbawa zinatetemeka, macho makubwa, miili myekundu myembamba. Anamlenga mmoja, anampiga. Kereng'ende anaanguka na rangi zake zinaanza kufifia palepale. Basi. Hakuna risasi, hakuna bendera, hata adui hatajwi. Kinachofuata ni kichefuchefu cha nafsi: wanyama wakali huua ili waishi, mimi nina udhuru gani?

Nilisoma huku basi likivuka daraja. Upande wa kulia majani yalikuwa mabichi kuliko kitu chochote tulichokiona tangu Himo, na mbuzi wawili wamesimama ndani ya maji hadi magotini. Kereng'ende sikuwaona. Kwa mwendo wa basi lile nisingemwona hata tembo.

Waliosoma mashairi ya vita ile wanajua desturi yake. Huko Ubelgiji na Ufaransa, washairi waliokuwa kwenye mahandaki walikuwa wakiinua macho na kumtazama ndege. Mkanada John McCrae, daktari naye, aliandika Mei 1915 karibu na Ypres juu ya maua ya mipopi yanayochanua kati ya misalaba na ndege wanaoimba angani, sauti zao hazisikiki vizuri kwa mizinga iliyo chini. Mwingereza Isaac Rosenberg, aliyeuawa Aprili 1918, ana shairi la askari wanaorudi kambini usiku wamechoka. Kutoka gizani kungeweza kudondoka kifo, lakini kilichodondoka ni wimbo wa ndege. Ni mashairi mazuri na siyabezi. Ila ndani yake maumbile yamekaa pembeni, safi, yanatazama. Vita viko huku, amani iko kule, na mshairi yuko katikati anaionea uchungu tofauti hiyo.

Shairi la Ruvu halimpi mshairi nafasi hiyo ya katikati. Amani ilikuwapo, kamili, na aliyeivunja ni mkono wake mwenyewe, asubuhi, bila amri ya mtu. Ndiyo maana mimi naliweka juu ya yale ya mipopi, ingawa halijulikani hata robo yake.

Baada ya Same kulia ni nyika na mikonge, kushoto Milima ya Upare, halafu Usambara. Reli ya zamani inakwenda sambamba na barabara, mara inaonekana, mara inamezwa na vichaka. Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893, na ilichukua karibu miaka ishirini kufika Moshi. Jeshi lile la Waingereza, chini ya Jenerali Smuts, liliifuata reli hii pamoja na mto, na wakati huo mvua kubwa ya masika ilikuwa ndiyo kwanza inapungua. Mama mmoja aliyeketi kiti cha pembeni yangu, aliyepandia Same na ndoo mbili za tangawizi, aliniuliza nasoma nini kwa makini namna ile, kama ni mtihani.

"Shairi, mama. La mzungu aliyepita hapa wakati wa vita ya Mjerumani."

"Alipita kwa miguu?"

"Yeye alipanda. Waliokwenda kwa miguu ni wapagazi."

"Hao ndio nataka kujua," akasema, "maana babu yake mume wangu alichukuliwa. Hakurudi. Wameandikwa humo?"

Nilimwambia hapana. Na ni kweli, katika mistari ile 14 hawamo. Waingereza waliwakusanya wapagazi wapatao milioni moja kutoka nchi nyingi za Afrika. Waliokufa hukadiriwa kukaribia 100,000, na wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, njaa na uchovu. Farasi na nyumbu waliangamizwa na mbung'o kwa maelfu, na kila mnyama aliyeanguka, mzigo wake ulihamia kichwani kwa mtu. Kariakoo ya Dar es Salaam imebaki na jina la kikosi chao, na pale kwenye sanamu ya Askari kuna maneno yanayowataja kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Huwezi kumwambia mama yule kwamba maumbile yalikuwa upande wa amani. Mto huu mzuri, na mbu wake, ndio uliowamaliza.

Akateremka Korogwe. Konda akashusha ndoo kwa fujo, moja ikamwagika nusu, na abiria wote tukageuka mahakimu. Hadi Segera watu walikuwa bado wanamhukumu.

Jambo moja la kuchekesha kuhusu daktari wetu: kitabu chake cha kumbukumbu za vita kinaitwa kwa safari ya kwenda Tanga, lakini hakufika Tanga. Maeneo haya ndipo kikosi chake kilipouacha mstari wa reli, kikavuka mto na kushika njia ya Handeni kuelekea kusini, na baadaye malaria ikamwondoa vitani kabisa. Mimi niliendelea. Muheza nilinunua machungwa dirishani kama kila mtu.

Tanga nilikwenda Raskazone siku ya pili, asubuhi. Ukisimama pale juu unaona ghuba imetulia, ngalawa kadhaa, na Kisiwa cha Toten kule ndani. Hapa ndipo jeshi la Waingereza kutoka India, watu wapatao 8,000 chini ya Jenerali Aitken, liliposhuka kuanzia tarehe 2 Novemba 1914. Aliyekuwa akiwangoja ni Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na watu kama 1,000, wengi wao askari wa Kiafrika. Tarehe 4 wakakutana kwenye mashamba na vichaka kati ya ufukwe na mji, na katika miti ile kulikuwa na mizinga ya nyuki. Risasi zikaipiga. Nyuki wakatoka.

Waliumwa wote, wa huku na wa kule, lakini waliokuwa wakisonga mbele katika eneo lile waliipata zaidi, na Waingereza wakarudi melini wakiwa wamepoteza watu zaidi ya 800, waliouawa na waliojeruhiwa. Hadi leo Waingereza wanaviita vita vya nyuki. Baadhi yao waliamini kabisa kwamba Mjerumani aliwatega kwa nyaya, kwamba nyuki wale walikuwa sehemu ya mpango. Mimi napenda uvumi huo kuliko ukweli wenyewe, kwa sababu unaonyesha jinsi mtu aliye vitani anavyoshindwa kuelewa kiumbe asiyepokea amri ya jemadari yeyote.

Mwenyeji wangu Tanga ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Alinipeleka Machui kwenye kaburi la Shaaban Robert, tukasoma Fatiha, na njiani kurudi nikamsomea shairi la Ruvu, nikilitafsiri kadiri nilivyoweza. Alisikiliza hadi mwisho kisha akauliza kwa nini sisi hatuna la namna hiyo. Nikamwambia tunazo tenzi za vita: Hemedi bin Abdallah alitunga ya Wadachi, yaani Wajerumani, walipoutamalaki Mrima, Shaaban mwenyewe ana Utenzi wa Vita vya Uhuru wenye beti 3,000. Akatikisa kichwa. "Utenzi unakwenda, mwanangu. Una watu wa kuwafikisha mahali. Hauwezi kusimama kwa ajili ya mdudu mmoja."

Nikasema unaweza. Akasema haya, usimamishe tuone. Tulikaa barazani kwake na kahawa, na ubeti wa kwanza nikatoa mimi:

*Palipokucha Ruvuni*
*Kereng'ende majanini*
*Nikampiga mbawani*
*Bure tu nikamuua.*

Ubeti wa pili tulibishana sana, yeye akidai msomaji hatajua kwamba aliyeua alikuwa na shibe:

*Simba huua kwa njaa*
*Mwewe hushuka kutwaa*
*Miye shibe imejaa*
*Kwa hoja gani naua?*

Nilidhani tumemaliza, maana shairi la daktari linaishia hapo. Mwalimu alikuwa bado anahesabu mizani kwa vidole. Nilikuwa nimemsimulia habari za mama wa tangawizi, na akasema ubeti wa tatu hauna budi kuwapo, la sivyo tumeandika tu alichokiona aliyepanda mnyama:

*Mpagazi na mzigo*
*Kaachwa kando ya gogo*
*Hana hata jiwe dogo*
*Nani aliyemjua?*

Mimi bado naona ubeti huo unavunja shairi, kwa sababu kereng'ende anasahaulika. Yeye anasema ndivyo inavyotakiwa, na kwamba zikifika beti hamsini atawafikisha wote Handeni. Jana usiku alinitumia ya nne na ya tano. Ya tano ina mizani tisa katika kipande cha pili, nimemwambia, hajajibu.