Tulivyoifanya benki iutambue upatu wetu

Nilikuja Louisville, Kentucky, kusoma, nikitokea Kigoma. Ukalimani niliuanza kwa sababu familia za Wakongo zilizokuwa zikiletwa hapa, nyingine kutoka kambi ya Nyarugusu kule kwetu, zilihitaji mtu wa Kiswahili hospitalini na shuleni. Nikapanda hadi mhudumu wa familia, na leo naongoza shirika dogo lisilo la kiserikali. Tunachotaka ni kwamba mtu mweusi, awe mzaliwa wa hapa au ameshuka kwenye ndege mwaka jana, apate mkopo wa nyumba au wa biashara kwa masharti yale yale anayopewa mzungu mwenye kipato kama chake.

Louisville umegawanyika kwa rangi. Magharibi ya Mtaa wa Tisa ni West End, upande wa weusi, alikokulia Muhammad Ali. Mwaka 1914 mji ulitunga sheria ya kumzuia mtu mweusi kuhamia mtaa wenye wazungu wengi. Mahakama ya Juu ya Marekani iliifuta mwaka 1917, lakini miaka ya 1930 zikaja ramani zilizochorwa kwa agizo la serikali kuu, ambazo zilipaka rangi nyekundu maeneo ya weusi kuonyesha kwamba kukopesha huko ni hatari. Ubaguzi katika makazi ulipigwa marufuku na sheria ya serikali kuu mwaka 1968 tu. Kizazi kizima kilikuwa kimeshanyimwa nyumba ya kurithisha watoto. Kwa takwimu za Benki Kuu ya Marekani za mwaka 2022, familia ya kizungu iliyo katikati kabisa kwa utajiri ilikuwa na mali ya takriban dola 285,000, na ya weusi takriban dola 45,000.

Waafrika wengi tukifika huku tunaambiwa hayo ni ya Wamarekani weusi, sisi hayatuhusu. Yanatuhusu sana. Dirishani benki hakuna anayekuuliza kama babu yako alitoka Uvira ya Kongo au Alabama ya hapa Marekani.

Machi 2020 polisi walimuua Breonna Taylor, mwanamke mweusi, hapa mjini, akiwa nyumbani kwake. Baada ya maandamano, wafadhili wakaanza kupiga hodi, na wengi walikuja na wazo moja: tuwafundishe watu kutunza pesa. Nilikataa fedha hizo, na bodi yangu ilinisimamia ingawa akaunti yetu ilikuwa karibu kukauka. Watu hawa walikuwa wanaweka akiba kuliko hao waliotaka kuwafundisha.

Mama mmoja wa Uvira alikuwa kijumbe wa upatu, au likelemba kama wanavyosema wao. Aliniwekea daftari lake mezani: daftari la shule, majina kushoto, miezi juu, kila aliyelipa kapigiwa alama ya vema na kuweka saini. Asiyejua kuandika aliweka dole gumba kwa wino wa bluu. Nilifungua kurasa zote, sikuona kisanduku kilichoachwa wazi. Akaniambia, “Mwanangu, humu hakuna aliyekula pesa ya mwenzake. Wanataka ushahidi gani tena?” Juu ya hayo alikuwa akilipa deni la tiketi ya ndege iliyomleta, maana mkimbizi anayeletwa Marekani husaini mkopo wa nauli usio na riba kabla ya kupanda ndege. Benki ilikuwa imemjibu kwamba hana historia ya mikopo.

Njia ilikuwepo tayari. Mission Asset Fund, shirika lisilo la faida la San Francisco, inayoongozwa na José Quiñonez, huuandika mchango wa upatu kama mkopo usio na riba, kisha kila malipo huripotiwa kwa kampuni zinazoweka kumbukumbu za mikopo. Akaunti ikifikisha miezi sita, mtu anaweza kupata alama ya mkopo, yaani namba ambayo benki huitazama kupima kama mtu hulipa madeni yake. Tukaunda vikundi vya namna hiyo, Wakongo, Warundi na wazaliwa wa West End pamoja. Hapo ndipo nilipoona wazee wa kanisa la weusi wakimweleza Mkongo jinsi baba zao walivyokataliwa mikopo, naye akiwaeleza kambini waliishije.

Benki ilihitaji kusukumwa. Sheria ya mwaka 1975 inazitaka benki kutoa takwimu za maombi ya mikopo ya nyumba kwa kila eneo, na takwimu za rangi ya waombaji nazo zipo. Sheria ya mwaka 1977, Community Reinvestment Act, inazitaka zihudumie hata maeneo ya kipato cha chini, na wakaguzi hupokea maoni ya wananchi. Nilienda na mchungaji wa West End, tukiwa na takwimu za benki ile ile, ramani ya zamani na daftari. Mazungumzo yalikuwa marefu na mara nyingine makali. Mwishowe walikubali kupokea kumbukumbu za kikundi na risiti za kodi ya nyumba kama ushahidi wa ulipaji, na maombi hayo yasomwe na mtu, yasiachiwe kompyuta peke yake.

Tangu Januari 2025, serikali kuu ilipofuta programu zake za usawa wa rangi, wapo wafadhili wanaotuomba tuondoe neno rangi kwenye maandiko yetu. Hatujaliondoa. Kwa aliye Marekani na anataka kuanza: nenda tawi la benki yako, omba faili lao la umma la sheria ya 1977. Wanapaswa kukuonyesha, na huna haja ya kueleza sababu.