Macho Chini, Mkunguni

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, kazi yangu kutembeza wageni mjini Lamu. Siku hiyo nilivaa kanzu nyeupe ya sikukuu maana nilijua nitatokea kwenye televisheni. Kosa la kwanza hilo. Mpiga picha alinitazama kwenye kioo cha kamera, akatikisa kichwa: jua la saa sita lilikuwa likiwaka kwenye kanzu, uso unabaki giza tupu. Akanihamishia chini ya mti wa mkungu, pale uwanjani Mkunguni, Ngome ya Lamu ikawa nyuma yangu.

Mtangazaji alikuwa mtu mzima, ndevu zimejaa mvi. Aliuliza taratibu: ni kweli watembezaji wa hapa huwatoza wageni kupita kiasi?

Jibu nilikuwa nalo. Nilimweleza bei tulizokubaliana, na vile mgeni akikataa tunavyomwacha aende zake. Maneno yalitoka sawasawa. Lakini aliyeuliza ni rika la baba yangu, na mimi nimelelewa mtaa wa Mkomani; ukisemeshwa na mkubwa, humkodolei macho. Basi majibu yote nikayapa makubadhi yangu. Mikono nimeifumbata, mabega yamelegea, na kila swali lilipouma nikajipangusa jasho kwa mkono wa kanzu.

Usiku tulikusanyika kwa jirani kutazama. Niliyemwona pale ni mwizi aliyeshikwa. Ajabu ni kuwa ukifumba macho ukasikiliza tu, kijana alikuwa na hoja. Miaka mingi baadaye nikasoma habari za Nixon, mgombea urais wa Marekani, kwenye mdahalo wake wa televisheni na mpinzani wake Kennedy kule Chicago, mwaka 1960: katoka hospitali siku si nyingi, kakonda, jasho linamtoka, suti ya kijivu imemezwa na ukuta wa nyuma. Nilimwonea huruma kama ndugu yangu.

Asubuhi barazani sikupewa hata nafasi ya kukaa.

"Shekhe, umetuuza! Bei umezitaja vizuri, lakini mbona ulikuwa kama wazitafuta mchangani?"

Nikarudi nyumbani kwa bibi, nimenuna. Yeye alikuwa akichambua mchele kwenye uteo, wala hakuinua kichwa.

"Wao wana lao," akasema. "Mimi nimekuona. Hukumtolea mato mtu mzima. Umekaa kwa adabu."

Akapuliza makapi.

"Ila kanzu ile hukuipiga pasi mgongoni. Ulipoinuka niliona."