641 kwenye barza ya Kadutu

Dada yangu mkubwa, Yaya, alikuwa anajitayarisha kwa mtihani wa taifa. Jioni moja umeme ulikatika Kadutu yote, mtaa wetu wa Bukavu. Akaokota kipande cha kaa karibu na mbabula, jiko letu la makaa, akaandika kwenye saruji ya barza: 4294967297.

"Hii ni 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1. Inagawanyika?"

Nikaanza na 3. Baki. Nikajaribu 7, nikajaribu 11. Yaya akanishika mkono. Kwa njia hiyo, alisema, utapitia namba tasa zote (zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe) zilizo chini ya 65536, karibu kipeuo cha pili cha namba hii, nazo ni 6542. Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, alikuwa ameona kwamba 3, 5, 17, 257 na 65537, zote za ukoo huu (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, jumlisha 1), ni tasa, akaamini kwamba hii inayofuata nayo ni tasa, na zote zitakazokuja nyuma yake. Kwa miaka mingi hakuna aliyeonyesha kinyume chake.

Halafu akanieleza alichokithibitisha Leonhard Euler, na hapo ndipo mwili ulinisisimka: kigawo chochote tasa cha namba hii, ukikitoa 1, lazima kinachobaki kigawanyike kwa 64. Basi unahesabu 65, 129, 193, na kuendelea, ukitupa zisizo tasa. Kufikia 641 zinabaki tano tu: 193, 257, 449, 577 na 641 yenyewe. Kutoka maelfu hadi tano! Mpaka leo sijaona kitu kizuri kuliko hicho katika hesabu.

Nne za kwanza zilikataa. Mvua ikaanza kupiga mabati, Mama akatuita tuingie ndani. "Tunakuja, Mama," Yaya alijibu, na hakuna aliyesogea. Nikaweka 641. Katika 4294 inaingia mara 6, inabaki 448. Nikashusha 9: katika 4489 inaingia mara 7, inabaki 2. Zikafuata sifuri mbili mfululizo, kisha 4, kisha 1, na baki ikawa tena 448, ileile ya mwanzo. Nikashusha 7 ya mwisho. 4487. Nilikuwa nimeshaandika 7 mara 641 pale juu, nikajua kabla ya kutoa.

Baki sifuri. 641 mara 6700417. Euler alikitoa hadharani kigawo hiki mwaka 1732, akiwa Saint Petersburg, na hesabu yake ilikuwa mbele yangu kwenye saruji, kila tarakimu nimeiandika mimi.

Yaya hakunipongeza. Alinyoosha kidole kwenye 6700417: "Na huyu je? Naye ni tasa, kwa hiyo sheria inamshika pia." Nikatoa 1, nikagawanya kwa 64, safari hii mbio, maana matone yalikuwa yameshaanza kufuta mistari ya juu. Ilitoka 104694 kamili, nami nikapiga kelele hadi Mama akatoka mwenyewe kuja kuona.