Ninavyoongoza somo la moyo wa Farao

Kwenye vikundi vya Biblia ninavyoviongoza, habari ya hukumu na moyo mgumu wa Farao, mfalme wa Misri aliyekataa kuwaachia Waisraeli, tunaisoma katika kitabu cha Kutoka, sura ya 4 hadi ya 14. Warumi 9, ambapo Paulo anasema Mungu humfanya mgumu amtakaye, siifungui mpaka sura hizo ziishe. Ukianza na Warumi, watu watabishana kama Mungu anamwonea mtu, na muda utaisha hakuna aliyemsoma Farao mwenyewe.

Kila mmoja aje na Biblia, daftari na kalamu. Tunachora safu tatu: Farao aliufanya moyo wake kuwa mgumu, moyo ukawa mgumu, Bwana aliufanya kuwa mgumu. Tunasoma kwa sauti, kwa zamu, na kila mstari unaotaja moyo tunauandika mahali pake. Safu ya kwanza itapata 8:15, 8:32 na 9:34. Ya pili 7:13, 7:22, 8:19, 9:7 na 9:35. Ya tatu 9:12, 10:20, 10:27, 11:10 na 14:8. Mistari ya 4:21 na 7:3 inakaa juu ya ukurasa, maana hapo Mungu anasema mapema atakachofanya. Wapo viongozi wanaoiruka ili kumtetea Mungu. Mshiriki akiikuta mwenyewe nyumbani, hatakuamini tena.

Daftari likijaa, jambo moja linaonekana bila mahubiri. Katika matano ya kwanza ya mapigo, yaani adhabu ambazo Mungu aliipelekea Misri, kila pigo linapokwisha, hakuna mstari unaosema Bwana aliufanya moyo ule kuwa mgumu. Maneno hayo yanakuja kwenye pigo la sita, majipu, wakati waganga wake wenyewe walikwisha kumwambia kwamba hiki ni chanda, yaani kidole, cha Mungu. Na hata baada ya hapo, kwenye mvua ya mawe, 9:34 inarudi kusema Farao alizidi kufanya dhambi, yeye na watumishi wake. Mtu akiniuliza Mungu alifanya kiasi gani na Farao kiasi gani, simpimii. Maandiko yanasema yote mawili, na lawama ya dhambi yanamwachia Farao.

Kwenye vyura ninakaa kirefu. Musa anamwuliza awaombee lini, vyura waondoke. Nyumba imejaa, vitanda vimejaa, vyombo vya kukandia unga vimejaa, na Farao anajibu: Kesho. Hapo ninanyamaza, kila mtu aandike kitu anachosema ataacha kesho. Hakisomwi hadharani. Kisha tunasoma 8:15 pamoja: alipoona pana nafuu, moyo ukarudi palepale.

Mvua ya mawe nayo isipitwe haraka. Katika 9:19-21 onyo linakuja kabla ya pigo: ingizeni wanyama na watumwa nyumbani. Watumishi wa Farao walioliogopa neno la Bwana wakawaingiza. Hukumu ilikuja na nafasi ya kupona, tena kwa Wamisri.

Kazi ngumu zaidi ni kutofautisha toba na hofu ya adhabu, maana Farao alitubu kwa maneno mazuri mno. Katika 9:27 anakiri kwamba amekosa na Bwana ni mwenye haki. Katika 10:16-17 anaomba msamaha. Kipimo ninachotumia ni kuangalia anaomba kuondolewa nini. Farao anataka kifo kile kimwondokee. Mfalme Sauli, katika 1 Samweli 15:30, anakiri na papo hapo anaomba aheshimiwe mbele ya wazee. Daudi katika Zaburi ya 51 anaomba moyo safi. Kipimo cha pili ni kupunguza bei. Farao anawaambia Waisraeli watoe dhabihu hapa hapa nchini, kisha wasiende mbali, kisha waende wanaume tu, kisha wanyama wabaki. Anayetubu huku bado anapatana bei na Mungu, nampeleka kwenye mistari hiyo: 8:25, 8:28, 10:11 na 10:24.

Katika kila kikundi yupo anayekuja pembeni akiogopa kwamba moyo wake umekwisha kufungwa. Usimjibu kwa hoja ndefu. Soma naye Waebrania 3:7-15 na umwonyeshe kwamba neno “leo” linarudiwa hapo, na kwamba mstari wa 13 unataka tuonyane kila siku. Kwa hiyo mpangie mtu wa kumwona au kumpigia simu kila siku, aanze siku hiyohiyo.

Mwisho ni kumlipa uliyemdhulumu, na hapa vikundi vingi vinalegea. Hesabu 5:6-8 inaagiza mtu aungame, arudishe kitu kamili na aongeze sehemu ya tano. Kama aliyedhulumiwa hana jamaa wa kupokea, kinapewa Bwana. Zakayo, mtoza ushuru wa Luka 19, alikwenda mbali zaidi: aliahidi kurudisha mara nne. Katika uamsho wa Afrika Mashariki ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, kurudisha vitu vilivyoibwa kulijulikana sana. Ninashauri mtu aandike orodha: nani, kitu gani, thamani yake. Aanze na kile anachoweza kulipa wiki hii, na kwa deni kubwa aende kwa mwenyewe apange naye awamu. Dhambi inayomgusa mtu wa tatu, kama uzinzi, isiungamwe kikundini; hiyo ni ya mchungaji na wahusika tu, la sivyo utavunja nyumba ambayo haikuwa yako.