Rangi ya unga kwa watoto 60 wa darasa la pili

Walimu wengi wa madarasa ya mwanzo hapa Dar waliwahi kujaribu rangi mara moja, chumba kikachafuka hadi dari, wakarudi kwenye penseli. Watoto husingiziwa tu. Rangi ilikuwa nyepesi kama maji, karatasi nyembamba kama ya kufungia maandazi, na mwalimu alikuwa ameshachora mnazi ubaoni. Mnazi huo nitaurudia.

Kwanza rangi. Unga wa ngano kikombe kimoja, maji vikombe vinne. Koroga unga na kikombe kimoja cha maji baridi mpaka madonge yaishe. Vikombe vitatu vilivyobaki vikichemka, mimina ule mchanganyiko taratibu huku unakoroga kama unapika uji, moto mdogo, dakika 4 au 5. Ukimwaga unga mkavu kwenye maji ya moto utapata madonge ambayo hata chujio halitayaokoa. Hapo unapata kama lita moja. Darasa la watoto 60 linahitaji lita mbili kwa rangi mbili, yaani kijiko kikubwa kimoja cha kila rangi kwa kila mtoto, na inatosha.

Usiupime uzito wake ungali wa moto, maana uji huu huzidi kukaza ukipoa. Chovya kijiti, kiinue: rangi idondoke tone moja moja, zito. Ikitiririka, itafuata mkono wa mtoto hadi kwenye kiwiko. Wanga wa muhogo uache. Unavutika kama mlenda na hautulii kwenye karatasi. Kijiko cha chumvi husaidia kidogo, lakini kwa joto la huku siku ya pili inaanza kuchacha, ya tatu darasa zima litajua. Pika jioni ya kuamkia kipindi.

Kuupa uji huo rangi, tia rangi ya chakula ya unga, kijiko cha chai kimoja kwa nusu lita ya uji. Tatizo lake ni shati jeupe la sare, kwa sababu doa lake halitoki kirahisi, na mzazi ana haki ya kulalamika. Viroba vya unga vya kilo 25 vinatatua hilo: toboa tundu la kichwa na mawili ya mikono, mtoto avae. Nyeusi tengeneza kwa mkaa uliotwangwa na kuchujwa kwa kitambaa. Usipochuja, chembe zinakwaruza karatasi.

Siku ya kwanza toa rangi mbili tu, manjano na buluu. Buluu humeza manjano haraka, kwa hiyo waambie waanze na manjano nyingi, kisha buluu kidogo kama ncha ya kijiti. Wakianza kinyume, manjano yote itaisha na kijani hawatakiona. Zambarau usiwaahidi. Nyekundu nyingi za dukani zimeelekea chungwa, na ukizichanganya na buluu unapata rangi ya ugoro.

Brashi za dukani ni ghali na hufa ndani ya wiki. Kata sponji vipande vya sentimita 3; mafundi sofa, wa Keko kwa mfano, wana mabaki mengi. Panga makundi 10 ya watoto 6, kila kundi vifuniko viwili vya ndoo, sponji tatu kwenye manjano na tatu kwenye buluu. Kuchanganya kufanyike kwenye karatasi, na sponji irudi kwenye kifuniko chake. Sheria hii moja ikivunjwa, ndani ya dakika kumi kila kifuniko kina tope.

Karatasi ya kuchapia inalowa, inajikunja, inatoboka. Tumia manila: moja ya ukubwa wa A1 inatoa vipande 8 vya A4, kwa hiyo manila 8 zinatoa vipande 64 na vinne vya akiba. Boksi la dukani ni imara, ila ukahawia wake unaiua manjano. Jina liandikwe nyuma kwa penseli kabla ya rangi kugusa chochote.

Sasa mnazi. Ukiuchora ubaoni utakusanya minazi 60 iliyoinamia kushoto, na mtoto ambaye wake haukufanana ataanza kusema hajui kuchora. Ubao uache mtupu. Lete kitu. Samaki aina ya changu, mzima, kutoka soko la samaki la Feri anafaa sana kwa kuwa magamba yake yanaonekana vizuri. Mpitishe kwenye sinia, waguse, uliza: jicho liko karibu na mdomo au katikati? Mwili unabana wapi kabla ya mkia? Kisha mfunike, wachore. Mmoja atachora miba ndani ya tumbo, mwingine samaki anayecheka. Usishike kalamu yake. Katika umri wa miaka 7 au 8 mtoto huchora anachokijua zaidi ya anachokiona, na miba anaijua vizuri kutoka kwenye sahani.

Kazi hii inahitaji vipindi viwili, na mpangilio wake unafuata michoro ya Tingatinga, mtindo ulioanzishwa hapa hapa Dar mwaka 1968 na Edward Saidi Tingatinga: nyuma kwanza, kisha mnyama, kisha madoa na mistari. Zile rangi zao za mafuta usizilete darasani, mvuke wake haufai kwa watoto. Kipindi cha kwanza wapake bahari tu na karatasi ikauke kabisa. Cha pili waweke samaki kwa rangi nzito, kwa kugongesha sponji, si kusugua. Rangi ya unga ikilowa tena hulainika, na msuguo huichimbua bahari yote.

Madoa ya magamba ndiyo raha yenyewe. Twanga vipande vitano vya chaki nyeupe, changanya na nusu kikombe cha uji, wachovye kitako cha penseli na kudonoa. Waambie mapema kwamba nyeupe hii ikiwa mbichi huonekana kijivu na hung'aa ikikauka, la sivyo watarudia kila doa mara tatu.

Dakika 8 za mwisho ni za usafi. Usiwapeleke wote bombani. Pitisha matambara mabichi na ndoo mbili, ya sabuni na ya kusuuzia. Kazi zilazwe barazani zikandamizwe kwa vijiwe. Ukizitundika kwenye kamba rangi inashuka, na wakati wa masika usitegemee zikauke siku hiyo. Pangaboi, yaani feni ya darini, lizimwe kabla hujagawa karatasi.