Nani alikuwepo chumbani

Nilipostaafu unesi niliwaambia watoto wangu kwamba sasa ni mimi na michungwa yangu tu. Haikuchukua muda watu wa utafiti wakanitafuta. Walitaka mtu anayezijua njia za panya za Muheza, Tanga, kuanzia mashamba ya mkonge huku chini hadi vijiji vya iliki na mdalasini njia ya kwenda Amani, na ambaye wazee hawatamwona mgeni. Utafiti wenyewe unahusu tiba shufaa, yaani kumtuliza mgonjwa maumivu na mateso, kwa wazee: saratani, moyo uliochoka, figo, kiharusi, yale maradhi ambayo daktari anajua hayatapona lakini mgonjwa bado yupo, anakula, anaumwa, anauliza vuli itaanza lini. Nauliza maswali, najaza fomu kwenye simu, naondoka. Ndivyo mkataba unavyosema.

Kabla ya swali la kwanza kuna karatasi ya ridhaa. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, hawatoi kibali cha utafiti bila hiyo, na mimi sina ugomvi nayo. Ugomvi uko kwenye dole gumba. Asiyejua kuandika anatakiwa aweke dole, na kwa mzee wa huku dole kwenye karatasi ya watu wa mjini maana yake shamba limekwenda. Babu mmoja alificha mkono ndani ya shuka akaniuliza, "Mwanangu, mnachukua kipande hiki cha chini, au mpaka kule kwenye minazi?" Ikabidi aitwe mwenyekiti wa kitongoji aisome kwa sauti neno kwa neno. Babu akakubali, kwa sharti kwamba nakala ilale chini ya godoro lake yeye.

Dodoso tunalotumia lilitengenezwa na jumuiya ya tiba shufaa ya Afrika, wale wenye makao yao Kampala, na matokeo ya kulipima yalichapishwa mwaka 2010. Lina maswali kumi, saba ya mgonjwa na matatu ya anayemuuguza. Siku tatu zilizopita maumivu yalikuwaje? Umekuwa na wasiwasi kuhusu ugonjwa wako? Umeweza kuwaeleza ndugu unavyojisikia? Umekuwa na amani? Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 5, na kwa asiyesoma mkono wake mwenyewe unatosha. Kwa swali la maumivu, ngumi ni hakuna, vidole vitano ni makali kupita yote. Nalipenda dodoso hili. Nimeona mengine yamekaa kama mtihani wa darasa la saba.

Ila mkono nao una mambo yake. Kuna mzee aliyefanya kazi korona (kiwanda cha kuchakata mkonge, wenye umri mdogo msinielewe vibaya) na mashine ilibaki na vidole vyake viwili. Mkono wa pili umelemazwa na kiharusi. Nilipomaliza kumweleza akanyoosha vile alivyonavyo, akasema, "Basi mimi hata nikiumwa vipi, mwisho wangu tatu." Tulicheka wote, na mkewe akacheka zaidi. Nikaandika tano, na pembeni nikaeleza kwa nini.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kuna bibi mmoja mwenye saratani ya shingo ya kizazi, na saratani imeshashika mgongo. Anauguzwa na binti yake wa pili, mwanamke hodari, nyumba safi, mgonjwa safi, shuka hazina harufu. Nimekaa kwenye kigoda, binti yuko mlangoni anachambua mchicha. Maumivu? Bibi akanyoosha kidole kimoja. Nimeuguza watu miaka mingi. Uso wa mtu wa kidole kimoja nauona. Lakini fomu haitaki uso, inataka alama. Nikabonyeza moja, tukaendelea.

Mara bodaboda akapiga honi nje, ameleta mkaa, binti akatoka kwenda kulipa. Bibi akanishika kiganja, akafungua mkono wake wote. Vidole vitano. "Usimwambie," akasema. "Alishauza kiwanja kwa ajili yangu. Akijua hivi atauza na kile kilichobaki, na wajukuu watalala wapi?"

Utaratibu wetu ni kwamba mgonjwa akionyesha vitatu na kuendelea, mratibu wa tiba shufaa hospitalini anajulishwa siku hiyohiyo. Chini ya hapo hajulishwi. Kwa hiyo kidole kimoja kilichoonyeshwa mbele ya mchicha kilikuwa kinamnyima bibi dawa. Nikarudi nyuma kwenye fomu nikabadilisha, nikampigia mratibu nikiwa barabarani.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiangalia nani kakaa wapi, na mtindo hauko kwa bibi huyu peke yake. Baba mbele ya mtoto wa kiume hana wasiwasi hata chembe. Mama mbele ya mkwe hana kichefuchefu. Mbele ya mjukuu mdogo wanasema kweli, kwa sababu mjukuu hana cha kuuza.

Wataalamu wanajua kwamba anayeuguza na anayeuguzwa hawasemi kitu kimoja. Tafiti nyingi zimeonyesha kuwa ndugu hukaribia ukweli kwenye yale yanayoonekana, kama kutapika au kushindwa kutembea, na huwa mbali kwenye maumivu na huzuni. Kwa wazee waliopoteza kumbukumbu kabisa, Wamarekani walitoa kipimo mwaka 2003 kinachoitwa PAINAD: unatazama anavyopumua, sauti anazotoa, uso, mwili, na kama anabembelezeka. Hapo humwulizi mtu. Lakini bibi yangu ana akili zake timamu, tena nyingi kuliko zangu.

Kijana mmoja wa timu alinitumia utafiti uliotoka kwenye jarida la BMJ mwaka 2003. Walilinganisha wagonjwa 20 wa saratani ya mapafu wa Lothian, Uskoti, na wagonjwa 24 wa saratani wa wilaya ya Meru, Kenya. Waskoti matibabu wanayapata bure, na kinachowatesa zaidi ni kukikabili kifo chenyewe. Wa Meru walilemewa na maumivu ya mwili na hela: dawa ya kutuliza haipo au haishikiki bei, chakula kinachofaa hakipatikani. Hapo nilitikisa kichwa kukubali, maana ni Muheza hii hii. Kisha ikasemwa kwamba wagonjwa wa Meru waliona mahitaji yao ya moyo, ya kijamii na ya kiroho yanatimizwa na familia, majirani na dini. Huenda. Mimi swali langu lilikuwa moja tu: alipoulizwa hayo, nani alikuwa amekaa mlangoni?

Mkuu wa utafiti wetu yeye anaupenda ule wa Boston wa mwaka 2010, wa Dk. Jennifer Temel. Wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa, nusu wakapewa tiba shufaa mapema pamoja na matibabu ya kawaida. Wakawa na nafuu zaidi ya maisha, na wakaishi zaidi: miezi 11.6 kwa kawaida, wakati wenzao waliishi 8.9. Nauheshimu sana, umewanyamazisha waliokuwa wanasema tiba shufaa ni kumkatia mtu tamaa. Lakini wale walikutana na wataalamu kwenye kliniki ya hospitali kubwa. Bibi yangu akipandishwa bodaboda na ule mgongo, safari peke yake itamwongezea kidole cha sita.

Mofini ilimfikia. Ni ya maji, kwenye chupa ya plastiki, kila baada ya saa nne, na dawa ya kulainisha choo pamoja nayo, kwa sababu mofini bila hiyo ni kumhamisha mgonjwa kutoka mateso haya kwenda mateso yale. Binti aliiogopa ile chupa. Alisikia kwamba ukianza kupewa hiyo ujue safari imeiva. Nilikaa naye jikoni nikamweleza kwamba ni dawa ya maumivu, watu huitumia kwa miezi, na mama yake anaanzishwa na kipimo kidogo kwa sababu ya umri. Hakuniamini mpaka alipomwona mama yake amelala usingizi wa kweli halafu ameamka anaulizia uji. Tume ya jarida la Lancet ilipiga hesabu mwaka 2017: kati ya tani 298.5 za mofini na dawa za jamii yake zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zinapata tani 0.1. Uganda, manesi waliosomea tiba shufaa wanaruhusiwa kuiandika wenyewe tangu mwaka 2004. Ninawaonea wivu waziwazi.

Kwenye kikao kilichopita nikaomba safu moja tu iongezwe kwenye fomu: nani alikuwepo chumbani. Mtakwimu, kijana mwenye adabu zake, akasema, "Mama, wazee wetu ni wachache, tukiwagawa kwa aliyekuwepo na asiyekuwepo namba hazitabeba." Nikamwambia namba zenyewe tayari zimeshagawanyika, yeye tu ndiye hajui zimegawanyika wapi. Safu ikaingia. Ina chaguo la peke yake, mwenza, mtoto, mkwe, mjukuu, jirani. Nikaomba mjukuu mdogo atenganishwe na mkubwa, wakacheka, wakakubali.

Mzunguko ujao tumeshapanga twende wawili wawili. Mmoja anabaki na mgonjwa, mwingine anamchukua anayeuguza jikoni na yale maswali yake matatu, kwa wakati uleule. Nauli ya mtu wa pili bado haijapitishwa.