"Wewe hata gari huna"

Wifi amejifungua salama, mtoto wa kike, na ile barua ya kupandishwa cheo niliyoisubiri hadi nikachoka hatimaye imetoka. Hayo ningeyaandika kwa furaha siku nyingine. Leo siwezi, kwa sababu kila nikifumba macho namsikia jirani yangu mkutanoni:

"Sista, wewe hata gari huna. Mambo ya kituo cha mafuta yanakuhusu nini?"

Watu wakacheka. Si wote, lakini waliocheka walitosha.

Tangazo mnalijua, niliwahi kuliandikia hapa: mwenye kituo cha mafuta pale kona ameomba leseni ya kuongeza duka la pombe ubavuni mwa pampu. Majirani tuliitwa tutoe maoni. Nilisimama nikauliza mambo mawili tu, duka litafungwa saa ngapi, na bia zitakaa kwenye friji au rafuni. Ndipo huyo kaka akanikatiza, tena amekaa, mguu juu ya mguu. Ni mtu tunayesalimiana kila asubuhi. Mkewe akizidiwa usiku, dirisha linalogongwa ni langu. Nikabaki na karatasi mkononi, mwenyekiti akampa nafasi mwingine.

Tangu hapo namjibu. Nimemjibu nikiosha vyombo, nimemjibu njiani, nimemjibu wodini nikifunga bandeji. Kila jibu ni bora kuliko lililotangulia na hakuna hata moja alilolisikia.

Basi alisikie hapa. Ni kweli, sina gari. Natembea. Nikitoka zamu ya usiku napita mbele ya zile pampu, mahali ambapo magari yanaikata njia ya waendao kwa miguu wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Dereva anayetoka anatazama upande magari yanakotokea, akivizia upenyo. Mimi natokea upande wa pili. Mara nyingi tairi la mbele limeshaanza kuzunguka kabla hajageuza shingo, na huyo ni dereva mzima, hajanywa chochote. Watoto wa shule nao wanapita hapo hapo. Asiye na gari ndiye anayekutana na bampa. Nani mwingine aulizwe kabla yake?

Na swali la friji sikuliuliza kwa kujifurahisha. Chupa iliyotoka rafuni mtu huibeba hadi kwake. Iliyotoka kwenye friji inataka kufunguliwa ingali baridi, na aliyeinunua pale amekaa kwenye usukani. Ufaransa wameliona hilo: sheria yao ya 2009 inakataza vituo vya mafuta kuuza pombe iliyopozwa, iwe saa yoyote, na kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 asubuhi haviruhusiwi kuuza pombe ya kuondoka nayo, ya baridi wala ya moto. Lithuania wakaenda mbali zaidi. Tangu Januari 2016 vituo vya mafuta huko haviuzi pombe kabisa. Shirika la Afya Duniani nalo, lilipotoa hatua zake 5 za kupunguza madhara ya pombe mwaka 2018, liliweka mbele kabisa kubana upatikanaji wake, yaani inauzwa wapi, siku gani, saa ngapi. Shirika hilo hilo linakadiria kuwa pombe iliua watu milioni 2.6 duniani mwaka 2019. Mimi huwaona wachache sana kati ya hao, wakiletwa usiku, nikikata suruali kwa mkasi ili nifike kwenye jeraha, na harufu ya pombe ikiwa imejaa chumba kizima.

Jana nilikaa kuandika pingamizi kwa maandishi, maana tangazo linasema maneno ya mkutanoni peke yake hayatoshi. Nilianza kwa hasira, nikachana. Nilipokuwa naanza upya akaja yule mzee wa nyumba ya nyuma, aliyestaafu kuendesha malori ya masafa marefu. Hakutaka hata kuketi.

"Niandike na mimi, sista. Ile ya baridi haifiki nyumbani. Mimi naijua."

Nilijisikia mwepesi ghafla, kama mtu aliyetuliwa ndoo. Barua ikaandikika. Simchukii mwenye kituo. Najua faida ya mafuta yenyewe ni ndogo na duka ndilo linaloendesha vituo vingi, na vijana atakaowaajiri ni wa mtaa huu. Kwa hiyo nimeandika kwamba ombi langu ni akataliwe leseni ya pombe, auze vingine vyote. Ikishindikana, basi pombe isiwekwe kwenye friji, isiuzwe kopo moja moja, duka lifungwe giza linapoingia, na kabla ya chupa ya kwanza kuuzwa kijengwe kijia kilichoinuliwa chenye taa mbele ya yale maingilio. Hili la kijia sitalilegeza hata wakininyima mengine yote. Mzee ametia sahihi yake kubwa chini ya yangu, na amechukua nakala azungushe kwa wenzake wenye magari.

Mke wa yule kaka amenitumia ujumbe kuuliza barua iko kwa nani. Sijui anauliza kwa nia gani. Nimemjibu iko kwa mzee.

Kinachonikosesha utulivu sasa hivi ni Mama. Hajapiga simu tangu jana mchana, na yeye jioni haimpiti bila kupiga. Kaka yangu anasema ni chaji tu imeharibika. Huenda. Lakini mara ya mwisho alilalamika ganzi ya mkono wa kushoto, akasema ameulalia. Nampigia jirani yake sasa hivi aende akamtazame.